Kuflashi BIOS ya kompyuta ya mezani: zana ya ndani, kitufe au programa?

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kila ninapokaa mbele ya bodi iliyogoma kuwaka baada ya kuflashiwa, huona methali hiyo ilitungwa kwa ajili yangu. Kuandika programu dhibiti mpya kwenye ubao mama ni kazi ya dakika tano. Kurudi ulikotoka, pale feni zinapozunguka na skrini ikabaki nyeusi, kunaweza kumeza wikendi nzima au kukulazimisha kununua bodi nyingine. Ndiyo maana hapa sitazipima njia kwa wepesi wa kuingia peke yake. Kila moja nitaiuliza pia: mambo yakiharibika, unashukia wapi?

Nikisema BIOS, ile programu dhibiti inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows au Linux, namaanisha na UEFI, mrithi wake wa kisasa. Jina la zamani halijafa, na watengenezaji wenyewe bado huliandika kwenye kurasa zao za kupakua.

Faili la mtengenezaji au faili lililohaririwa

Watu hubishana kuhusu zana, lakini hatari kubwa imo ndani ya faili. Faili la mtengenezaji kwa kawaida lina saini ya kidijitali, limetengenezwa kwa ajili ya bodi yako, na zana za bodi hulipokea bila maswali. Sababu za kulihitaji ni za kweli. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua kwa sababu ya volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) iliyopanda kupita kiasi, na tiba ikaja kama BIOS zilizoweka kikomo cha volti 1.3. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikiyumba zilipewa maikrokodi (msimbo mdogo wa ndani ya prosesa) 0x129, nayo ilisambazwa kwa njia hiyo hiyo. Na mwenye bodi ya B450 anayetaka kupachika Ryzen 5000 lazima asasishe kwanza. Ikiwa hitaji lako ni la aina hii, huna haja ya kuhariri chochote.

Faili lililohaririwa ni jambo jingine. Hapo umefungua BIOS kwa UEFITool au zana kama hiyo, ukaingiza au kubadilisha moduli, ukafunga. Saini imevunjika na hakuna aliyelijaribu kabla yako. Kabla ya kufika huko jiulize kama shida yako haina njia nyingine, kwa maana mara nyingi ipo.

Chukua diski za NVMe, zile za kasi zinazotumia njia ya PCIe. Bodi za Intel za mfululizo wa 6 na wa 7, zile za enzi za prosesa za Sandy Bridge na Ivy Bridge, kwa kawaida haziwezi kubuti kutoka NVMe. Ukiweka diski kwenye adapta ya PCIe, Windows ikishawaka kutoka diski nyingine itaiona vizuri tu. Kinachokosekana ni draiva ndani ya BIOS. Wahariri huingiza moduli ya NvmExpressDxe na tatizo huisha moja kwa moja. Lakini kuna Clover, programu ya kuanzisha mfumo: unaiweka kwenye flashi ndogo pamoja na draiva hiyo hiyo, bodi inabuti kutoka flashi, Clover inapakia draiva kisha inaipa Windows usukani. Gharama yake ni flashi inayokaa nyuma ya mashine siku zote na sekunde kadhaa za kusubiri. Ubao mama haujaguswa hata baiti moja. Mimi ningeanza na Clover, nikaishi nayo mwezi mmoja, na kama inanikera ndipo nifikirie kuhariri.

Maikrokodi ni hadithi fupi zaidi. Linux na Windows zote zina uwezo wa kuipakia kila zinapowaka. Anayehariri BIOS kwa ajili ya maikrokodi tu, mara nyingi anahatarisha bodi kwa kitu ambacho mfumo wake tayari unamfanyia.

Menyu zilizofichwa nazo zina njia mbili. Ya kwanza ni kuhariri faili ili menyu zionekane. Ya pili ni kutogusa msimbo, ukabadilisha thamani moja tu katika hifadhi ya mipangilio, kwa GRUB (programu nyingine ya kuanzisha mfumo) iliyoongezewa amri ya setup_var au kwa zana iitwayo RU. Hii ya pili ni nyepesi na mara nyingi hurudi ilivyokuwa ukifuta mipangilio. Ina mtego mmoja: anwani ya kila mpangilio hubadilika kutoka toleo moja la BIOS hadi jingine. Anwani uliyopewa na mtu mwenye toleo tofauti inaweza kuwa ya kitu kingine kabisa, na hapo unaandika thamani gizani. Toa orodha ya anwani kutoka kwenye BIOS yako mwenyewe.

Resizable BAR, yaani uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi ya picha kwa mkupuo, ndiyo inayokosa njia ya kando kwenye bodi za zamani. Mradi wa ReBarUEFI huongeza moduli ndani ya BIOS, na bodi inatakiwa iwe na Above 4G Decoding (mpangilio wa kutumia anwani zilizo juu ya GB 4) inayofanya kazi. Hapa ama unahariri, ama unaacha.

Ukiamua kuhariri, jua kwamba UEFITool ina matawi mawili. Toleo la 0.28 ndilo linaloingiza na kubadilisha moduli. Lile jipya la NE linasoma na kuchambua tu, lakini linachambua vizuri kuliko mwenzake na hupaka rangi sehemu zinazolindwa. Watu huyaweka yote mawili: moja la kukata, jingine la kukagua. Baada ya kuhifadhi, lifungue faili jipya ndani ya NE ulilinganishe na la awali. Ukiona faili la kujazia nafasi (pad file) limeongezeka au kupotea mahali ambapo hukugusa, usiandike. Bodi nyingine hazijali, nyingine hufa kwa hilo tu.

Zana ya ndani ya BIOS

ASUS wanaiita EZ Flash, MSI M-Flash, Gigabyte Q-Flash, ASRock Instant Flash. Unaweka faili kwenye flashi ya FAT32, unaingia BIOS, unalichagua, unasubiri. Hakuna Windows katikati, hakuna antivirusi, hakuna draiva iliyoganda. Kwa faili la mtengenezaji sioni sababu ya kutumia njia nyingine ikiwa mashine inawaka.

Kwa faili lililohaririwa, zana hizi kwa kawaida hukagua saini na kukataa. Wahariri hulalamika kuhusu hilo. Mimi nalihesabu kama sifa: ukaguzi huo huo ndio unaomzuia mtu mwenye haraka asiandike faili la bodi jirani inayofanana jina kasoro herufi moja.

Jambo moja husahaulika. Kusasisha BIOS kunaweza kufuta TPM (hifadhi ya funguo za siri) iliyo ndani ya prosesa, na diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, itadai ufunguo wa kuokolea. Simamisha BitLocker kabla, na hakikisha ufunguo huo unaupata bila kuitegemea kompyuta hiyo hiyo.

Zana za Windows

Ni rahisi kuliko zote na ndizo ninazoziamini kidogo kuliko zote. Unaandika chipu huku mfumo mzima unafanya mambo yake mengine. Skrini ya bluu wakati mwingine wowote ni usumbufu. Ikitokea BIOS imeandikwa nusu, ni msiba.

Hata hivyo zina kazi moja nzuri, nayo ni kusoma. Wahariri wa bodi za Intel hutumia FPT, zana ambayo Intel huwapa watengenezaji na ambayo huzunguka mikononi mwa watu. Amri ya `fptw64 -bios -d nakala.bin` hukupa nakala ya sehemu ya BIOS bila kufungua kasha la kompyuta. Kuandika kwa zana hiyo hiyo mara nyingi hugonga ukuta: bodi nyingi zina kufuli za uandishi ambazo BIOS huziwasha kabla mfumo haujaanza. Kufuli hizo hazikuwekwa bure. Mwaka 1999, tarehe 26 Aprili, kirusi cha CIH kiliamka kwenye mashine za Windows 9x na kuandika takataka juu ya BIOS za bodi zilizoachwa wazi. Kompyuta ambazo jana yake zilikuwa nzima hazikuwaka tena hadi chipu ilipoandikwa upya au kubadilishwa.

Kitufe cha nyuma ya kompyuta

Hiki ndicho kitu kizuri zaidi kilichowapata wamiliki wa kompyuta za mezani katika eneo hili. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, MSI Flash BIOS Button, Gigabyte Q-Flash Plus. Ndani ya bodi kuna kidhibiti kidogo kinachojitegemea. Kinasoma flashi na kuandika chipu bila prosesa, bila RAM, bila kadi ya picha, pawa saplai pekee ikiwa imechomekwa na mashine imezimwa. Maana yake kitufe kinapanda na kushuka vilevile: BIOS iliyokufa haikizuii kufanya kazi.

Masharti yake ni ya jina na mahali. Faili la MSI liitwe MSI.ROM, la Gigabyte GIGABYTE.bin, la ASRock creative.rom. ASUS wana jina maalumu kwa kila bodi, na hutoa programu ndogo ya kulibadilisha. Flashi iwe FAT32 na ichomekwe kwenye tundu la USB lililowekewa alama, si jirani yake. Flashi za zamani za USB 2.0 zenye ujazo mdogo hunisumbua kidogo kuliko zile kubwa za kisasa. Taa ikipepesa sekunde chache kisha ikazima au ikaganda, kwanza shuku jina la faili, pili flashi, na bodi iwe ya mwisho.

Vipi kuhusu faili lililohaririwa? Kwenye bodi nyingi za miaka iliyopita kitufe hakikukagua saini, na ndiyo maana wahariri wanakipenda. Usilichukulie kama haki. Tafuta mwenye bodi ile ile na toleo lile lile aliyewahi kufanya hivyo kabla hujabonyeza.

Upungufu wake ni kwamba kinaandika tu, hakisomi. Hakikupi nakala ya kilichokuwemo. Na bodi nyingi za bei ya chini hazinacho kabisa. Wakati mwingine sehemu yake imechorwa kwenye ubao lakini vipuri havikupachikwa.

Programa

Programa ni kile kidude cha USB kinachosoma na kuandika chipu moja kwa moja, bila kuiomba bodi ruhusa. Kinachojulikana zaidi ni cha CH341A, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bodi yoyote inayostahili kuokolewa. Njia hii haijali kama mashine inawaka, haijali saini, haijali kufuli za BIOS. Inakupa nakala kamili ya chipu kabla ya kugusa chochote. Kwa upande mwingine ndiyo njia pekee kati ya hizi ambayo inaweza kuua chipu kwa umeme, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chipu yenyewe ni ndogo, ina miguu minane, na maandishi yake huwa na namba 25: W25Q64, W25Q128, W25Q256, au MX25L na MX25U. Kwenye W25Q namba za mwisho ni megabiti, kwa hiyo gawanya kwa nane: 64 ni MB 8, 128 ni MB 16, 256 ni MB 32. Herufi za katikati au za mwisho ndizo za maisha na kifo. MX25L na W25Q128FV hutumia volti 3.3. MX25U na W25Q128FW hutumia volti 1.8, nazo zimo kwenye baadhi ya bodi za AM4 (soketi ya AMD). Chipu ya 1.8 inahitaji adapta ya kushusha volti kati yake na programa. Soma maandishi kwa kioo cha kukuzia au piga picha kwa simu uikuze, kisha tafuta karatasi ya maelezo ya chipu hiyo. Usikisie.

Ile CH341A nyeusi ya kawaida ina kasoro inayofahamika: chipu hupata volti 3.3 kwenye mguu wa umeme, lakini mistari ya data hutoka na volti 5. Chipu nyingi huvumilia, na watu wengi wameitumia miaka bila kuona tatizo. Mimi sipendi kuweka bodi ya mtu kwenye bahati hiyo wakati kuna programa zenye swichi ya volti. Mwenye Raspberry Pi naye ana programa nzuri tayari, kwa sababu mistari yake ya data hutumia volti 3.3 na flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, inaifahamu.

Kama chipu imekaa kwenye soketi, kazi ni ya kupendeza: itoe, iweke kwenye programa, rudisha ukizingatia alama ya mguu wa kwanza. Kama imelehemiwa, unatumia klipu inayoshika miguu yote minane. Chomoa waya wa umeme ukutani, toa betri ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Waya mwekundu wa klipu uende mguu wa kwanza, ule wenye kitone. Bodi nyingine hunyonya umeme wa programa kupitia chipu na usomaji hukwama. Hapo angalia kama bodi ina safu ya pini za SPI (njia ya mawasiliano ya chipu hiyo), kama ile ya JSPI1 kwenye bodi nyingi za MSI. Hatua ya mwisho ni kuifumua chipu kwa blowa ya hewa moto, lakini hiyo mpe mwenye mkono uliozoea.

Kisha soma mara mbili:

`flashrom -p ch341a_spi -r moja.bin`
`flashrom -p ch341a_spi -r mbili.bin`
`sha256sum moja.bin mbili.bin`

Alama mbili zikitofautiana, klipu haijashika. Isogeze, rudia. Usiandike hadi usomaji mbili zilingane, na hadi UEFITool ifungue faili hilo ikaona mpangilio wa BIOS halisi badala ya msururu wa FF. Nakala hiyo ni mali. Ina anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, UUID (kitambulisho cha mashine), namba ya bodi, na kwenye kompyuta zinazouzwa zikiwa zimeshaunganishwa hata ufunguo wa Windows. Ukiandika faili la mtengenezaji juu ya chipu nzima bila kurudisha vitu hivyo, bodi inaweza kuwaka vizuri na bado ikawa na kasoro. Ukikuta kadi ya mtandao ya Intel ina MAC ya 88:88:88:88:87:88, ujue mtu alipita hapo bila nakala.

Angalia pia ukubwa wa faili. MB 16 ni baiti 16,777,216 kamili, MB 8 ni 8,388,608. Mafaili ya ASUS yenye kiambishi cha CAP huwa makubwa kidogo kwa sababu ya kichwa kilichotangulizwa. Kitufe cha bodi hukihitaji kichwa hicho, chipu haikitaki. Niliwahi kuandika faili la namna hiyo kama lilivyo, baiti 2048 za ziada mbele, na programu ya programa ikakata mkia bila kuniuliza. BIOS yote ikawa imesogea. Nilihangaika nusu siku nikilaumu klipu, kumbe kosa lilikuwa langu na lilionekana tangu mwanzo kwenye safu ya ukubwa wa faili. Siku hizi ninakikata kichwa kwa UEFITool na kuhesabu baiti kabla ya kufungua hata bisibisi.

Zote nne kwa pamoja

| Njia | Mashine lazima iwake? | Faili lililohaririwa | Inatoa nakala? | Ikikatika katikati |
|---|---|---|---|---|
| Zana ya ndani | Ndiyo | Kwa kawaida hukataa | Baadhi | Unahitaji njia nyingine |
| Zana za Windows | Ndiyo | Hutegemea kufuli | Ndiyo, si kila sehemu | Unahitaji njia nyingine |
| Kitufe | Hapana | Bodi nyingi za zamani hupokea | Hapana | Bonyeza tena |
| Programa | Hapana | Hupokea chochote | Ndiyo, chipu nzima | Andika tena |

Safu ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza. Njia mbili za juu zinakuacha juu ya mti.

Mashine imekufa: ujaribu nini kwanza?

Si kila skrini nyeusi ni BIOS iliyoharibika. Kama ulibadilisha mipangilio tu, kasi ya RAM kwa mfano, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio): toa betri dakika chache au unganisha pini zilizoandikwa CLRTC, JBAT1 au CLR_CMOS. Subiri pia. Baada ya kuflashi, bodi za DDR5 hasa zinaweza kukaa dakika kadhaa zikijifunza RAM upya, na wengi huzima umeme wakidhani imekufa. Kufuta CMOS hakurekebishi msimbo ulioharibika, lakini hakugharimu kitu.

Bodi zenye chipu mbili, kama za DualBIOS za Gigabyte, zinaweza kurukia chipu ya akiba zenyewe. Zina udhaifu usiosemwa sana. Kinachoamsha akiba ni BIOS kuu kushindwa ukaguzi wake. Faili lililohaririwa linaweza kupita ukaguzi huo kisha likagandia mbele, na bodi ikakaa hapo hapo ikiamini kila kitu ni sawa. Bodi zenye swichi ya kuchagua chipu kwa mkono ni bora mara kumi. Na si kila Gigabyte ina chipu mbili. Angalia ubao, usitegemee jina.

Halafu kuna sehemu ndogo ya kuanzia iliyobaki salama ndani ya chipu. ASUS wana CrashFree, na bodi za zamani zenye BIOS ya kampuni ya AMI husoma faili la AMIBOOT.ROM ukishikilia Ctrl na Home. Ikifanya kazi inafurahisha. Ila inategemea ile sehemu iwe nzima, na mtu aliyeandika chipu nzima vibaya ameifuta nayo.

Kitufe na programa tumeshavieleza. Kinachobaki ni kununua chipu iliyoandikwa tayari. Kwa soketi ni suluhisho zuri kwa asiyetaka kumiliki programa. Kwa chipu iliyolehemiwa, ukijumlisha chipu, mafundi na safari, programa na klipu ni nafuu zaidi, na vinabaki kwako.

Pale mlango ulipofungwa

Tangu prosesa za Haswell za mwaka 2013 Intel wana Boot Guard. Mtengenezaji anaweza kuchoma alama ya ufunguo wake ndani ya chipseti, na baada ya hapo BIOS isiyo na saini yake haiwashi mashine, hata ukiiandika kwa programa bila kosa. Bodi zinazouzwa peke yake kwa wajengaji mara nyingi ziliachwa bila kuchomwa. Ndiyo maana mwaka 2022 mradi wa Dasharo uliweza kuweka coreboot, programu dhibiti huria, kwenye MSI PRO Z690-A. Kompyuta za ofisini kutoka kwa makampuni makubwa ni kinyume. HP wana hata Sure Start, kidhibiti kinachojitegemea ambacho kikiona BIOS imebadilika hurudisha ile ya awali. Kwenye mashine hizo kuhariri ni kupoteza muda. Sasisha kwa faili la mtengenezaji na uishie hapo. UEFITool NE ikikuonyesha rangi za Boot Guard juu ya sehemu unayotaka kugusa, hiyo ni hapana ya mapema, kabla hujaharibu chochote.

Ningechagua nini

Mashine inawaka na unataka toleo jipya la mtengenezaji: zana ya ndani, na kitufe kiwe akiba yako kama kipo. Huna kitufe, una chipu moja iliyolehemiwa, na mashine haina tatizo lolote: soma orodha ya mabadiliko kwanza. Kama haikuhusu, iache.

Prosesa mpya haitambuliwi na huna ya zamani ya kuazima: kitufe. Kama hakipo, programa ni rahisi kuliko kutafuta prosesa ya kuazima.

Unataka kuhariri na bodi ina kitufe: nunua programa hata hivyo, kwa ajili ya nakala. Andika kwa kitufe kama bodi yako inapokea, na nakala iweke kwenye diski isiyo ndani ya kompyuta hiyo.

Unataka kuhariri na chipu imo kwenye soketi: wewe ndiye mwenye bahati. Nunua chipu ya pili ya aina ile ile, volti ile ile, ujazo ule ule. Faili lililohaririwa liende kwenye chipu mpya, ile ya awali usiiguse. Ikikataa kuwaka, chomoa umeme, toa mpya, rudisha ya zamani, washa. Ya awali ihifadhi kwenye kikasha kidogo kisicho na umeme tuli, na juu yake uandike kwa kalamu ya wino jina la bodi, toleo la BIOS na upande wa mguu wa kwanza.